Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: vipimo vya dawa

Waheshimiwa wanachama, wafamasia na wauguzi wa vituo vya afya, pamoja nanyi mnaosimamia farmasi za mitaa yetu ya Lubumbashi, yaani Kenya, Katuba, Kampemba na Ruashi,

Hesabu za fedha atazieleza mtunza hazina, na orodha ya wanachama wapya imebandikwa mlangoni. Mimi naomba nafasi yangu yote niitumie kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima kuliko mengine yote, yaani namna dawa inavyochanganywa na kupimwa kabla haijaingia mwilini mwa mgonjwa.

Mtakumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka tulifungua daftari ambamo kila mwanachama angeandika kosa aliloliona, au lililozuiwa dakika ya mwisho, bila kumtaja mtu wala kituo. Nilitazamia lijae habari za dawa bandia na dawa zilizopita muda wake. Habari hizo zimo, lakini kurasa nyingi zaidi zinaeleza dawa nzuri, iliyoandikwa vizuri na daktari, ambayo iliharibikiwa mikononi mwa aliyeichanganya au aliyeipima. Nawashukuru walioandika, hasa wale walioandika makosa yao wenyewe, kwa sababu bila wao nisingekuwa na la kusema leo.

Naanza na parasetamoli ya watoto, kwa kuwa ndiyo iliyojirudia mara nyingi. Mtoto wa kilo 10 anahitaji takriban miligramu 150 kwa mara moja, kwa hesabu ya miligramu 15 kwa kila kilo, na hapewi zaidi ya mara nne kwa siku. Siropu iliyozoeleka ina miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo mtoto huyo atapewa mililita 6 na kidogo. Lakini ipo pia dawa ya matone yenye miligramu 100 katika kila mililita, na kwa hiyo mililita moja na nusu inatosha. Mtu akikosa siropu akatoa matone, huku mama amekwisha kuambiwa kipimo cha siropu, mtoto atameza zaidi ya mara nne ya kiasi chake. Jambo hilo lilitokea katika kituo kimoja mwaka huu. Mtoto alipelekwa hospitalini mapema na akapona, lakini tusisahau kwamba parasetamoli iliyozidi huliumiza ini kimyakimya: siku ya kwanza mtoto anaweza kucheza kama kawaida, na dalili nzito zikaja baadaye.

Chanzo kingine cha taabu hiyo ni kijiko. Karatasi zetu za dawa huandikwa kwa Kifaransa, na tofauti kati ya « c. à c. » (kijiko cha chai) na « c. à s. » (kijiko cha supu) ni herufi moja tu, wakati kijiko cha kwanza ni mililita 5 na cha pili ni mililita 15. Mwandiko wa haraka unazifananisha herufi hizo, kisha karatasi inafika nyumbani ambako vijiko vya jikoni havilingani hata kimoja kwa kingine. Tena baadhi ya dawa zinazopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zina maandishi ya Kiingereza peke yake, hivyo anayeuza huotea, na anayenunua humwamini. Kwa maoni yangu, hatuna haki ya kumlaumu mzazi aliyekosea ikiwa sisi tulimwambia « kijiko kimoja » bila kumwonyesha kipi. Tangu katikati ya mwaka wanachama kadhaa wamekuwa wakitoa bomba dogo lisilo na sindano, lililotiwa alama ya kalamu pale dawa inapotakiwa kuishia, na kumwomba mzazi avute maji mbele yao kabla ya kuondoka. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na wanachama hao wanasema wazazi wanarudi wakiwa na maswali mazuri zaidi.

Kwa wauguzi, somo zito lilikuwa artesuneti ya sindano, dawa inayookoa wagonjwa wa malaria kali. Kichupa tulichokizoea kina unga wa miligramu 60. Unga huo huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti ya sodiamu inayokuja nao, na kichupa hutikiswa mpaka ukungu utoweke kabisa. Kisha, kwa sindano ya mshipa, huongezwa mililita 5 za seramu ya chumvi au ya glukosi, na kila mililita huwa na miligramu 10. Kwa sindano ya msuli huongezwa mililita 2 tu, na kila mililita huwa na miligramu 20. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, na aliyefika kilo 20 au zaidi hupewa 2.4. Hivyo mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 45, ambazo ni mililita 4.5 katika mchanganyiko wa kwanza na mililita 2.25 katika wa pili. Anayechanganya kwa namna moja na kupima kwa namna nyingine humpa mgonjwa mara mbili ya kipimo au nusu yake. Maji ya sindano hayafai kuiongezea dawa hii, na iliyochanganywa isikae zaidi ya saa moja. Ninasisitiza hayo kwa sababu daftari linaonyesha kichupa kilichofunguliwa asubuhi na kutumika tena jioni, kwa nia njema ya kutompotezea maskini pesa. Nia hiyo naielewa, lakini dawa iliyoharibika haimsaidii maskini huyo.

Tuliongea pia juu ya seftriaksoni, dawa ya sindano ya kuua bakteria, ambayo haichanganywi na Ringer wala seramu nyingine yenye kalsiamu, kwa kuwa huganda, na kwa mtoto mchanga hatari hiyo ni ya kifo. Ile iliyoyeyushwa kwa lidokaini, dawa ya ganzi, ni ya sindano ya msuli peke yake. Kloridi ya potasiamu isiyozimuliwa haisukumwi kamwe mshipani, maana husimamisha moyo. Naomba kila kituo kiitenge na ampuli nyingine leo hii, si mwezi ujao.

Kuhusu dawa bandia nitakumbusha moja tu. Mwishoni mwa 2014 na katika 2015, huko Ituri, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, mamia ya watu walikakamaa uso na shingo, wengi wao watoto, na baadhi walikufa. Vidonge walivyomeza viliitwa diazepamu, dawa ya kutuliza, lakini uchunguzi ulikuta ndani yake haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Aliyenunua vidonge vya kuhesabiwa ndani ya karatasi hakuwa na njia ya kurudi kwenye namba ya toleo, yaani namba ya dawa zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana kamati imekataza, kwa wanachama wetu, kugawa vidonge bila kuandika kwenye bahasha jina la dawa, nguvu yake na namba hiyo.

Joto la Oktoba kila mtu analijua hapa Lubumbashi. Oksitosini inayohitaji nyuzi 2 hadi 8 haiwezi kuvumilia friji iliyozimika tangu jana, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kujua kwamba sindano aliyochomwa imepoteza nguvu. Vituo viwili vilivyo jirani vimekubaliana kuhifadhiana ampuli umeme unapokatika, na ningependa kuona mapatano kama hayo katika kila mtaa.

Kamati inawaletea maombi mawili ya kupigiwa kura alasiri hii. La kwanza ni kutenga sehemu ya michango kununua mabomba ya kupimia dawa za watoto, pamoja na mizani kwa kila kituo ambacho hakina, kwa sababu hesabu zote nilizozitaja zinaanzia kwenye uzito wa mtoto na bado tunaukadiria kwa macho. La pili ni kuchapisha lebo za Kiswahili zinazoandika kipimo kwa mililita, bila neno kijiko. Mfano wa lebo umewekwa kwenye viti vyenu. Mwenye marekebisho ayaandike pembeni na kumkabidhi katibu kabla ya kura.