Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ramani za Jeshi na Asili ya Majina ya Mahali

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu ilielekeza karibu nguvu zake zote kwenye kazi moja, nayo ni kulinganisha majina yaliyomo katika ramani za kijeshi za enzi ya Wajerumani na simulizi za wazee wa maeneo yaleyale ya Tanzania Bara. Maktaba yetu iliendelea kama kawaida, na hesabu za fedha atazisoma Mhazini. Mimi nitajikita kwenye kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyozua ubishi miongoni mwetu na ndiyo inayohitaji uamuzi wenu.

Tuliyoitegemea zaidi ni ramani ya Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, ya skeli ya 1:300,000, iliyoanzishwa na Richard Kiepert na kuendelezwa Berlin na Paul Sprigade na Max Moisel. Sehemu kubwa ya taarifa zake ilitokana na michoro ya njia iliyochorwa na maofisa wa jeshi na wasafiri wengine, ambao walitembea na dira na saa, wakakadiria umbali kwa muda wa mwendo, na kuuliza jina la kijito au kilima kwa yeyote aliyekuwa karibu. Mara nyingi aliyekuwa karibu ni mpagazi au askari aliyetoka mbali, naye alijibu kwa Kiswahili cha misafara. Ndiyo maana nchi ambayo wenyewe huiita Shambaai imeingia ramanini, na ikabaki hadi leo, kwa jina la Usambara.

Baadhi yetu walisoma tahajia za Kijerumani kama zilivyo na kudhani kuwa majina yamebadilika. Mmoja aliona "Kilwa-Kiwindje" akaanza kutafuta ni lini Kiwindje iligeuka Kivinje, ilhali Mjerumani huandika "w" kwa sauti yetu ya "v" na "dj" kwa "j", kwa hiyo jina ni lilelile. Ndivyo ilivyo pia kwa Muansa, Aruscha na Bagamojo. Kamati imeagiza kwamba kila jina lisomwe kwanza kwa masikio ya aliyeliandika, kabla mtu hajadai kuwa wazee wamesahau.

Shida kubwa zaidi ni majina ya watu. Maofisa waliandika kijiji kwa jina la jumbe wake, na jumbe alipofariki au kuhama na watu wake, ramani ilibaki na jina lisilo na mahali. Pale ambapo dola ilijenga boma, mambo yalikuwa tofauti: jina la mtu lilibaki na mahali pake. Mji wa Songea unabeba jina la Songea Mbano, nduna, yaani jemadari, wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji.

Iringa imetupa somo ambalo binafsi nalithamini kuliko mengine. Jina hilo, linaloelezwa kuwa limetokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome, lilihusu ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyokuwa Kalenga na kutekwa na Wajerumani Oktoba 1894. Jeshi lilipojenga kituo chake kipya kilimani, kikaitwa Neu-Iringa, yaani Iringa Mpya. Baadaye "mpya" ikadondoka, na jina la ngome iliyobomolewa likawa la kituo cha walioibomoa. Mtu akiuliza leo asili ya jina Iringa kwa kuchimba pale mjini tu, atakuwa anachimba pasipo penyewe.

Si kila jina la jeshi lilishika. Wilhelmsthal imerudi kuwa Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, na Sphinxhafen, bandari ya Ziwa Nyasa, ni Liuli. Kariakoo ya Dar es Salaam, kwa upande wake, ilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliouteka mji huo mwaka 1916. Wapo wanachama waliotaka Kariakoo iingizwe kwenye orodha ya majina yaliyotokana na ramani. Nilipinga, na bado napinga: jeshi lilileta neno, lakini jina lilifinyangwa vinywani mwa watu, na ramani ilifuata nyuma.

Kamati inapendekeza kwamba kuanzia sasa hakuna jina litakaloandikiwa asili katika daftari letu mpaka tahajia ya ramani, matamshi ya wenyeji yaliyorekodiwa na simulizi yao viwekwe pamoja, na vinapopingana, vyote vibaki daftarini bila kimoja kufutwa. Najua kazi itaenda polepole. Picha za anga zilizopigwa baada ya 1945 zilionyesha kila kijito, lakini hazikuweza kutaja jina la hata kimoja, na watu walilazimika tena kwenda kuuliza kwa miguu.

Wanachama wenye jamaa wazee katika mikoa ya Ruvuma na Iringa wanaombwa wajiandikishe kwa Katibu leo, kabla ya kura, ili wapewe nakala za karatasi za ramani za maeneo yao.