Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Wenye Nyumba wa Mji Mkongwe, Zanzibar

Ndugu wanachama, Assalam alaykum.

Shughuli za kawaida mnazijua: usafi wa vichochoro, ziara za wanafunzi na vikao vinne vya kamati vilifanyika kama ilivyopangwa. Mapato yalikuwa shilingi 4,860,000, matumizi shilingi 6,315,000, na pengo lilizibwa kwa akiba. Mhazini atasoma mchanganuo.

Lililozua maneno ni uamuzi wangu wa kusimamisha lipu ya saruji katika nyumba ya ofisi yetu na kuanza upya kwa chokaa, ambao ulipandisha gharama na kutuchelewesha miezi mitatu. Imesemwa barazani kwamba nimefuja fedha za chama, na maneno hayo yameniuma. Fundi alipobandua saruji ya zamani kando ya dirisha, nilitia kidole nyuma yake na jiwe la matumbawe likamomonyoka kiganjani mwangu. Ncha ya boriti iliyoegemea hapo ilikuwa imeoza, kwa kuwa ukuta wa mawe na chokaa hupumua, na saruji huufungia unyevu ndani. Siku ile nilisimama pale hadi magharibi, na uamuzi niliufanya mimi.

Mji wetu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, katika kikao cha Kamati ya Urithi wa Dunia kilichofanyika Cairns, Australia, kwa vigezo vitatu kati ya kumi. Wapo wanaodhani hadhi hiyo ni ya milango ya nakshi na Beit al-Ajaib tu. Sivyo: Serikali iliwasilisha andiko, wataalamu wa ICOMOS, baraza la kimataifa la uhifadhi wa majengo na maeneo ya kale, wakalipima, na pamoja na thamani ya mji kwa walimwengu wote waliangalia uhalisi wake, yaani vifaa vyake na ujenzi wake. Tena hadhi hiyo hufutwa. Oman, kwa ndugu zetu, ilipunguza hifadhi yake ya choroa wa Uarabuni, mnyama wa jamii ya swala, kwa asilimia 90, na mwaka 2007 ikawa ya kwanza kuondolewa. Dresden ya Ujerumani ikafuata mwaka 2009 kwa sababu ya daraja lililojengwa kuvuka mto wake, kisha Liverpool ya Uingereza mwaka 2021. Chama kinachowakataza majirani saruji hakiwezi kuipaka katika kuta zake.

Nasikitika kwamba kikao tulichojadili suala hili kilihudhuriwa na watu 17 kati ya wanachama 58, na wanaolalamika zaidi hawakufika. Wanachama 31 hawajalipa ada hata ya mwezi mmoja, ilhali mimi nimelipa ya mwaka mzima na nauli za kufuata chokaa nimezitoa mfukoni.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata wahisani wa kutusaidia dari ya juu na kuwafunza vijana kazi ya chokaa. Boriti bado hazijanunuliwa, na masika yanakaribia. Kitabu cha stakabadhi kiko kwa mhazini.