Asante fundi wa Chalinze

Kwa fundi uliyetukuta Chalinze jioni, gari limezimika na watoto wamo ndani: asante sana. Gari ni la mwaka 1999. Injini ikipata moto linazima, ikipoa linawaka, na nilikwishaambiwa ninunue pampu mpya ya mafuta. Wewe ulipima kwanza. Ulipiga stata ukanionyesha mshale wa RPM (kasi ya mzunguko wa injini) haunyanyuki, ukachomoa plagi: hakuna cheche. Ndipo ukaweka mita kwenye sensa ya krenkshafti, ile inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka ili cheche itoke, ukakuta imekufa. Ulipanda bodaboda kuitafuta nyingine, ukasafisha soketi iliyojaa oili, ukaifunga. Sensa ya zamani ulinikabidhi pamoja na risiti. Hela ya ufundi ulikataa, ukasema kwanza watoto wapate chakula. Mungu akuzidishie. Nanyi mafundi wengine, tafadhali, pimeni kabla ya kumwambia mtu anunue spea.