Nataka simu ya laki tatu isiyonifuata kila niendako

Ndugu mshauri, na wasomaji wenzangu,

Salaam kutoka Kigoma. Mimi ni mama wa miaka 46, nauza dagaa. Nanunua mwaloni Kibirizi, naanika, natuma Dar es Salaam. Oda zinakuja WhatsApp, fedha zinaingia kwa simu.

Mwezi uliopita, siku za mbalamwezi ambapo hakuna dagaa na sisi tunakaa tu, mwanangu alinifungulia ramani ya Google kwenye simu yangu akanionyesha safari zangu zote. Kila alfajiri niliyoshuka Kibirizi imo. Siku kumi na moja nilizomuuguza mama pale hospitali ya Maweni zimo, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Hata msiba wa Ujiji. Nilitetemeka. Mwanangu anasema niliruhusu mwenyewe siku ya kwanza nilipobonyeza kukubali. Ni kweli nilibonyeza. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza na mteja alikuwa ananisubiri.

Tumezima, tumefuta. Lakini simu yenyewe chaji haikai na kioo kimepasuka, lazima ninunue nyingine. Nina laki tatu ya mgawo wa kikoba.

Mume wangu ananiuliza, "Wewe una siri gani?" Siri si zangu peke yangu. Ndani ya simu ile kuna wateja karibu mia nne, nani namdai na nani ananidai, na wanawake ambao hawataki ijulikane nyumbani kwao kwamba wanafanya biashara. Wao hawakubonyeza chochote.

Madukani hapa mjini kwa fedha hiyo napata simu mpya, laini mbili, na fundi yeyote ana spea zake. Ila niliyoishika ilikuja imejaa programu zisizofutika. Mwanangu anataka tuagize Pixel ya mtumba Kariakoo, aondoe mfumo wake na kuweka LineageOS au GrapheneOS, mifumo mingine ya simu isiyokuja na programu za Google, kisha programu azichukue F-Droid, duka la programu huria. Nilishangaa, maana Pixel ni ya Google hao hao! Akanieleza kwamba Pixel nyingi zinaruhusu kufunguliwa kufuli la mfumo ili mfumo mwingine uingie, lakini zile zilizouzwa na Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, hazifunguki.

M-Pesa hainipi hofu, napiga *150*00# hata kwenye kiswaswadu. Hofu yangu ni programu ya benki: nasikia baadhi hukataa kufunguka kwenye simu iliyobadilishwa mfumo. Na kioo kikipasuka, nani Kigoma atakibadilisha? Kuhusu WhatsApp, najua ujumbe umefungwa asiusome mtu wa kati, lakini Meta, wenye WhatsApp, wanajua nani anaongea na nani. Niliwaomba wateja tuhamie Signal, programu nyingine ya ujumbe. Wamekubali wawili.

Nimefikiria pia kubeba simu mbili, kiswaswadu cha fedha na simu janja ya oda tu, naiwasha nikiwa nyumbani. Kampuni ya laini bado itajua nipo mnara gani, hilo nalikubali.

Naomba mnisaidie. Kuna anayetumia simu ya namna hii huku mikoani, na benki yake inafunguka? Dukani nitaitambuaje Pixel inayofunguka kabla sijatoa fedha? Au ninunue hiyo mpya, tuzime tunachoweza kuzima? Mwanangu anapanda treni kwenda Dar Jumanne ijayo, na fedha nampa yeye.

Mama wa dagaa, Kibirizi