Barua ya wazi kwa Meya wa Balneário Camboriú: mto wetu ni mmoja

Mheshimiwa Meya,

Kwa heshima na taadhima, naomba usome barua hii kabla hujaidhinisha ghorofa jingine refu katika mji wako wa pwani, kusini mwa Brazili.

Kiangazi, jua likishapinduka, kivuli cha majengo ya Avenida Atlântica, barabara ya kando ya bahari, huanza kutambaa juu ya mchanga wa ufukwe wa Praia Central kuelekea majini. Watu hunyanyua viti na miavuli, wakabanana kwenye vipande vya jua vilivyobaki kati ya jengo na jengo. Mwaka 2021 mchanga ulichotwa chini ya bahari, ufukwe ukapanuliwa kutoka mita kama 25 hadi 70 hivi. Nafasi ilipatikana, sikatai. Lakini majengo yapo upande wa machweo na yanazidi kurefuka: minara ya Yachthouse ina mita 281, One Tower 290. Kivuli nacho kinarefuka.

Hata hivyo, kivuli mtu anaweza kukihama. Maji hayana pa kuhamia, na hilo ndilo linalonikosesha raha.

Mto Camboriú ndio unaoinywesha Balneário Camboriú pamoja na Camboriú, mji mliojitenga nao mwaka 1964. Wakulima wa mpunga wa huko juu wanautegemea mto huohuo, na mashamba yao yanahitaji maji miezi ileile ambayo ninyi mnafurika wageni. Mvua ikikawia, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la wasiwasi. Nawapongeza kwa dhati kwa mradi wa Emasa, shirika la maji la mji wako, wa kuwalipa wenye ardhi ili walinde chemchemi na kurudishia miti. Ni kazi njema kuliko mnara wowote mliojenga, ingawa haionekani kutoka baharini.

Sasa tazama sensa. Kati ya 2010 na 2022 mji wako ulitoka watu 108,000 hivi ukafika 139,000. Camboriú ilitoka 62,000 ikafika 103,000. Yaani jirani ambaye hana ufukwe wala minara ameongeza watu wengi kuliko wewe. Ni akina nani? Miongoni mwao wamo mafundi wanaomwaga zege lenu, wapishi, wasafishaji wa vyumba, walinzi. Wanafanya kazi kwako, wanalala kwake, kwa sababu bei ya nyumba mjini kwako ni miongoni mwa za juu kabisa Brazili. Shule zao, zahanati zao na mitaro yao ni mzigo wa Camboriú. Kodi ya majengo inabaki kwako.

Sheria ya Miji ya Brazili ya 2001 inakuruhusu kumtoza mjenzi anayetaka kujenga eneo la sakafu kubwa kuliko kiwango cha msingi cha kiwanja chake, na fedha hizo zinaweza kujenga makazi ya watu wa kipato cha chini. Inadai pia mpango mkuu wa mji upitiwe angalau kila miaka 10, wananchi wakisikilizwa hadharani.

Ombi langu ni hili: makazi hayo yajengwe ndani ya mji wako, si ng'ambo ya mpaka. Na kila kibali cha mnara kitanguliwe na hesabu ya maji iliyokubaliwa na miji yote miwili, wakulima wa mpunga wakiwa mezani. Kikao cha kwanza kifanyike Camboriú, jioni, wakati mafundi na wapishi wamekwisharudi nyumbani.

Wako mtiifu,
Mpenzi wa miji ya pwani