Salamu za Idd kwa watu wa Matondoni, waliopo na walio mbali

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Taqabbalallahu minna wa minkum. Kwa niaba ya aila yetu nawapa mkono wa Idd nyote: mlioko kijijini, mlioko Lamu mjini, Mombasa na Malindi, na nyinyi wa Arabuni mnaokula Idd kwa simu. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga na visimamo vyetu, awarehemu waliotutangulia, awaponye wagonjwa, na aturudishie siku hizi mwakani tukiwa na afya na amani. Amin.

Salamu hizi huandikwa na mkubwa wa aila, na mkubwa sasa ni mimi. Mtanivumilia zikiwa ndefu.

Mwaka umekuwa mzito. Pishi ya fitri peke yake imewatoa watu jasho, achilia mbali sukari na nguo za watoto. Mwenye boti ya mashine hatoki kwenda baharini mpaka apige hesabu ya petroli, na mara nyingi hesabu inamwambia abaki. Na kabla ya Shaaban akatutoka ami yangu, fundi wa vyombo vya baharini. Kila Idd, swala ikimalizika, alikuwa akipitia bandani na kanzu yake mpya, anainama, anapitisha kidole kwenye mbao za mwisho kupigwa, anasema, "Hapa patavuja," ndipo anyooke akupe mkono. Tezo yake, shoka dogo la kuchongea mbao, iko kwangu. Mpini umelika mahali pa kidole gumba, na kidole changu hakiingii pale.

Sisi tumekuwa watu wa vyombo tangu zamani sana. Wageni waliopita mwambao huu karne ya kwanza waliandika kwamba wenyeji wake walikuwa na vyombo vya kushonwa. Mtepe, chombo cha namna hiyo, ulishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari wa chuma, tanga lake mkeka, na visiwa vyetu hivi vya Lamu na Bajuni vikaushikilia mpaka karne iliyopita ulipotoweka. Ufundi ukabaki kwenye mashua na majahazi. Hapa kwetu fundi haanzi na karatasi. Analaza mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo, anaupima kwa jicho, kisha anakwenda mikokoni kutafuta tawi lililopinda lenyewe la kufanya taruma, yaani ubavu wa chombo, kwa sababu taruma la kukatwa kwenye mti ulionyooka halina nguvu. Baada ya mataruma mbao, baada ya mbao keekee ya kutobolea na misumari, halafu kalafati ya pamba na mafuta ya kuziba nyufa, inagongwa siku nzima mpaka kijiji chote kinaumwa kichwa. Mwisho deheni, mafuta ya kupaka nje ya chombo. Chombo hicho kilipakia boriti za mikoko na papa mkavu, kikangoja upepo wa kusi, kikenda zake Arabuni.

Kuuza boriti nje ya nchi kulikatazwa mwaka 1982, na safari zile zikafa. Februari 2018 ukaja ukatazo mwingine wa kukata miti, na mafundi wakakaa na mikuku isiyo na mataruma. Wavuvi nao walikuwa na yao: walikatazwa kuvua usiku kwa ajili ya usalama, kisha bahari ikachimbwa kupisha bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeshaamua mwaka 2018 kwamba wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu ilitufurahisha, lakini hukumu haitiwi chunguni. Siipingi bandari, wajukuu zangu huenda wakaajiriwa huko. Nasema tu kwamba tuliokuwa hapa kabla yake tusihesabiwe kama chaza juu ya mwamba.

Sasa nizungumze na vijana, na wazazi wao wasikie. Boti za faiba ni nyepesi na hazitaki kalafati, sikatai. Lakini ikipasuka, nani kati yenu ataitengeneza? Mashua ya mbao inatengenezwa na mtu wa hapa, na fedha yake inalala hapa. Mwenyezi Mungu alipotaka kumwokoa Nabii Nuhu hakumteremshia chombo kutoka mbinguni. Alimwamrisha aunde, na kaumu yake wakawa wanamcheka kila wakipita. Basi kijana anayeshika tezo asione haya mbele ya mwenzake wa bodaboda. Na mzazi mwenye mtoto aliyemaliza shule anayeshinda barazani na simu, ampeleke bandani ashike hata upande mmoja wa msumeno. Elimu ya dini tunaitilia bidii, alhamdulillahi. Na hii nayo ni amana tuliyoachiwa, na kila amana ina siku yake ya kuulizwa. Walio na chombo wasikiache juani mbao zikafunguka. Na kwa jina la Mungu, acheni kuwauzia watalii tezo na keekee za wazee wenu! Fedha yake haifiki Idd ya pili.

Kina mama wanaosuka majamvi na mikeka, nyinyi ndio mliotuvusha miezi ya kusi ambayo bahari haikutoa kitu. Mungu awazidishie.

Idd hii imekuja na bamvua ya mwandamo, maji makubwa, kwa hiyo Idd tatu tutaishua majini ile mashua ami aliyoiacha mbao zimekwisha pigwa. Wanafunzi wake wameimaliza kalafati, na deheni imepakwa juzi. Maji yatakuwa yamejaa alasiri kiasi cha saa kumi, basi mkiswali msikawie. Njooni na kamba madhubuti, na anayejua nyimbo za kushua asimame mbele. Kahawa na kaimati zitakuwapo. Walio mbali wanaotaka kuchangia, mchango apewe mwekahazina wa aila, msinitumie mimi, kwani nina madeni ya duka.

Kullu am wa antum bikheri. Idd Mubarak.