Mashangingi yetu na maji tunayokunywa

Mhariri,

Kila asubuhi nikisubiri daladala Buzuruga huyaona mashangingi, yale magari makubwa ya kifahari, yakipita kuelekea mjini. Mengi yana mtu mmoja tu ndani. Siwasemi kwa wivu: nami nilikuwa na gari kubwa la dizeli, nikilipeleka peke yangu hadi Kirumba kisha kushinda limeegeshwa juani. Mwaka jana nililiuza. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa, na langu lilikuwa likiinywa kama maji.

Kinachoniuma zaidi, hata hivyo, ni uoshaji. Jumamosi magari hupangwa ufukweni, mengine tairi zikiwa ndani ya Ziwa Victoria kabisa, na vijana huyasugua kwa sabuni hadi chini kwenye injini. Oili na grisi huelea pale pale kina mama wanapochota maji. Yanayooshwa kando ya Mto Mirongo nayo ni yale yale, maana mto huo humwaga ziwani. Na maji ya bomba ya jiji hili yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo, ikiwemo pale Capri Point.

Vijana wale siwalaumu, wanatafuta riziki. Watengewe eneo lenye shimo la kunasa oili, mbali na ufukwe. Ninyi ndugu zangu wenye magari, siombi myauze. Naomba Jumamosi hii myaoshee nyumbani, kwa ndoo moja.

Msomaji wenu,
Buzuruga, Mwanza